Visu Vilivyowekwa Ngozini

Mmemfukuza Sechelela kisimani kwa sababu ngozi ya mwanawe inaambuka, mkasema itanajisi maji. Ketini, enyi mama niliowazalisha. Leo nitawaambia matabaka ya ngozi yalikotoka.

Hapo kale, kila kiumbe chenye uti wa mgongo kilivikwa ngozi moja tu, nyembamba kama utando wa maziwa. Ilipochakaa, mwenyewe alichakaa nayo. Ndipo Mwenyezi akaweka ngozini Wakataji, akawaagiza wakate nyuzi za ngozi kuukuu ili mpya ipande.

Wakataji wakalewa visu vyao. Wakakata kuukuu, wakakata mpya, wakakata hata ile ambayo haijakomaa. Samaki akavuja damu mtoni. Chura akakauka ukingoni. Paa akazaa, na alipomlamba mwanawe, ngozi ikaufuata ulimi.

Paa akambeba mwanawe, akasimama mbele ya kiti cha enzi, wala hakupiga magoti.

"Baba, mwanangu anakufa kwa kiu na mvua inanyesha. Maji yote yanamtoka. Amekosa nini?"

Wakataji wakacheka. "Mama Paa, sisi tumetumwa kukata. Kamlalamikie aliyetutuma."

"Ndiye ninayesema naye. Ninyi nyamazeni."

Hasira ya Mwenyezi ikawaka kama moto wa nyika. "Niliwapa kisu," akawaambia, "sikuwapa mtoto wa mtu." Lakini hakuwaangamiza, maana ngozi isiyokatwa huwa gome, na aliyemo ndani hufa amefungwa. Akaumba Wazuizi, akawaamuru washike mikono ya Wakataji mpaka kila tabaka lifike juu na wakati wake utimie. Mwana wa Paa akajengeka ngozi upya, akanyonya.

Na tangu siku hiyo, ngozi hupanda tabaka kwa tabaka, chini ya mkono ukatao na mkono uzuiao. Nyoka, ambaye Wazuizi wake huachia kwa pamoja, huvua vazi zima. Sisi huachiliwa kidogo kidogo, tukaangusha vumbi tusiloliona. Nao wako watoto wanaozaliwa wakiwa na Wazuizi wachache, kama huyu wa Sechelela.

Mwenyezi hakumuuliza Paa dhambi zake. Ninyi mmepata wapi kiti cha kumhukumu Sechelela? Kila mmoja wenu ameangusha ngozi yake kisimani mle, na kila siku tunayanywa maji hayo. Inukeni, mteke, mmpelekee mpaka mlangoni. Na atakayefika wa kwanza amshike mtoto, ampake mafuta kwa mkono wake mwenyewe.