Makame Atangulia Jenezani

Mawingu ya masika yalikuwa yameshatanda, na magunia mawili ya chokaa ya Makame yalikuwa bado barabarani, chini ya kilima anakokaa. Akakimbilia barazani kwa Bwana Nassor, tajiri wa karafuu, ambako wanaume tele walikuwa wakinywa kahawa.

"Jamani, nibebeeni chokaa, mvua hiyo!"

"Tuko wengi, Makame, hukosi mtu," alisema Bwana Nassor, asiinuke. Wote wakaafiki, wakaendelea kukaa. "Wewe ni wetu. Siku ukifa, utaona tutakavyogombania kukubeba!"

Makame akashukuru kwa ahadi, akaelekea msikitini.

Punde yeye na mkwewe mkongwe wakapita mbele ya baraza wakiyumba chini ya jeneza la msikiti lililofunikwa. Vikombe vikaachwa. Watu wema wakasukumana kutafuta thawabu, na Bwana Nassor akang'ang'ania mbele mpaka juu kilimani. Hakuna aliyeuliza nani amekufa. Kila mmoja alidhani mwenzake anajua.

Mlangoni kwake Makame akawaambia watue jeneza, akafunua magunia yake, makavu kabisa.

"Maiti yuko wapi?" akahema Bwana Nassor.

"Ni mimi, bwana. Niliona nikisubiri nife kwanza, chokaa italowa."