Aliyemlaza Nyamizi

Hapo zamani, wala si zamani ya mbali, maana injini zilikuwa zimekwisha kufika ziwani, mwanamke mmoja aitwaye Nyamizi alishuka mwaloni, pale boti zinapoegeshwa, akiwa na mfuko mmoja na blanketi moja. Alikuwa hajalala.

Si usingizi wa jana tu aliokosa. Kwa miaka mingi mama yake alikuwa mgonjwa wa kifua, na kwa miaka hiyo Nyamizi alilala kwa masikio. Kikohozi kimoja, yuko wima. Maji, dawa, kumgeuza, kumfunika, kurudi kulala. Kikohozi kingine, yuko wima. Mama alipofariki, majirani walisema, "Sasa utapumzika." Nyumba ikawa kimya. Nyamizi akajilaza, akatazama dari mpaka asubuhi. Usiku uliofuata akatazama dari. Na uliofuata.

Kabla ya kukata roho mama alimwambia, "Blanketi langu msinizike nalo. Mpe atakayekulaza."

Kwa watu wa kwao hilo halikuwa neno dogo. Blanketi la marehemu hupewa mtu mmoja, naye hukaa mahali pa marehemu. Kama marehemu alikuwa mama, utamwita huyo mama, awe mwanamke, awe mwanamume. Atakuja ukiugua. Atasimama kwenye harusi yako. Atakuzika au utamzika. Blanketi halikatwi, haligawanywi, wala halirudishwi. Na lazima liwe limetolewa kabla matanga hayajaanuliwa. Lisipotolewa, linakwenda kwa damu ya marehemu, na ukimtoa Nyamizi mwenyewe, damu iliyobaki ilikuwa ya mtu mmoja tu, Kalunde, mama mdogo wa Nyamizi. Kalunde aliishi ng'ambo ya barabara. Miaka yote ya ugonjwa hakupiga hodi. Siku ya mazishi alikuja mapema, akauliza blanketi liko wapi.

Jirani mmoja ndiye aliyesema habari za boti zinazowatembeza wageni visiwani na kulala nao majini. "Huko hakuna dari ya kutazama," alisema. "Jaribu."

Ndiyo maana Nyamizi alikuwa mwaloni.

"Wenzako wako wapi?" aliuliza Mafuru, mwenye boti.

"Niko peke yangu."

"Peke yako kutembea visiwani? Watu huja na wachumba, na mashemeji, na redio."

"Mimi nimekuja kulala."

Mafuru alimgeukia mpishi wake, Bituro, aliyekuwa anapakia mkaa. Bituro akamtazama mgeni kuanzia miguuni hadi kichwani. "Kwani kwenu vitanda vimepigwa marufuku?" Kisha akamuuliza kabila lake, naye akamwambia. Bituro akapiga makofi. "Mzee Mafuru, tumekwisha! Huyu ni mtani wangu. Ficha sukari."

Wakaondoka.

Visiwa vya huko vinasifiwa, na vinastahili. Mafuru alimwonyesha jiwe lililokaa juu ya jiwe lenzake kama mtungi kichwani. "Wageni hulipiga picha," alisema.

"Nimeliona," alisema Nyamizi.

Alimwonyesha kisiwa ambacho miti yake imekuwa myeupe kwa mavi ya minandi, ndege weusi wala samaki, na minandi wenyewe wamekaa wameanika mabawa.

"Nimewaona."

Alimwonyesha kenge anaogelea, kichwa juu kama mtu mwenye haraka zake.

"Nimemwona, baba."

Mafuru akageukia injini yake. Alikuwa amewatembeza watu wengi, lakini hakuwahi kumtembeza mtu anayeona kila kitu na asikitazame hata kimoja.

Kwenye kisiwa cha tatu mwanamke mzee alisimama ufukweni akipunga kanga. Jina lake Nyangeta. Alisuka mikeka, aliishi peke yake, na alikuwa anataka kuvuka kwenda bara kutafuta dawa ya kifua. Kabla hajamaliza kusalimu, alikohoa.

Mafuru akatikisa kichwa. "Mama Nyangeta, leo usinilaumu. Nina mgeni, na huyu mgeni amekuja kulala. Wewe na kifua chako utamkesha. Kesho kutwa nitapita."

"Kesho kutwa mbali, mwanangu."

"Apande," alisema Nyamizi.

"Mgeni, huyu anakohoa usiku kucha."

"Nimesikia. Apande."

Nyangeta akapanda, akakaa nyuma kabisa karibu na injini, kanga mdomoni, akijitahidi kukohoa kwa adabu.

Jioni Mafuru alitia nanga chini ya mawe makubwa. Palikuwa na ghuba tulivu upande wa pili, ila wageni wote hupenda kuamka na kuona jua likichomoza katikati ya mawe yale, na Mafuru alitaka huyu naye alione. Bituro akapika sato na ugali. Nyamizi akamega tonge, akalizungusha kwenye vidole, akalirudisha.

"Mtani," alisema Bituro, "samaki wangu amekukosea nini?"

"Sina njaa."

"Msiba wa nani huo ulioubeba?"

"Mama. Kifua. Miaka mingi nilimuuguza peke yangu."

"Watani walikuja?"

"Tulizika mjini, haraka haraka. Hakuna aliyekuja."

Bituro akaweka mwiko chini. Kwa makabila yao mawili, mazishi bila watani ni mazishi ambayo hayajamalizika. Mtani ndiye anayelia kwa uongo mpaka watu wacheke, ndiye anayelala njiani jeneza lisipite, na hakuna wa kumkasirikia. Bituro alichukua kitambaa cha kushikia sufuria, akajifunga kichwani, akajikunja mgongo, akatoa sauti ya kizee.

"Nyamizi! Nyamizi eee! Maji! ... Haya ya moto, unataka kunichemsha? Nyamizi! ... Haya ya baridi, unataka kuniua? Nyamizi! Geuza mto! Hapana, geuza mimi!"

"Acha," alisema Nyamizi, akiziba mdomo.

"Hakufa kwa kifua huyu mama. Nani kasema kifua? Alikunywa uji wako miaka yote, akasema, jamani, hata kaburini kuna afadhali!"

Nyamizi akacheka. Alicheka kwa nguvu, akajishika mbavu, na katikati ya kicheko akaanza kulia. Hakuwa amelia siku ya kifo wala siku ya mazishi. Sasa alilia mpaka kamasi, mpaka kwikwi. Nyangeta akasema, "We kijana, umemwumiza mtoto wa watu." Bituro akamsogelea Nyamizi. Alivua kitambaa kichwani, akampa ajifute.

Baadaye Nyamizi alijinyoosha chini ya turubai. Mwili ulikuwa umelegea, macho bado. Maji yaligonga ubao. Kimya. Akasubiri, kama anavyosubiri kila usiku, kitu ambacho hakiji.

Kule nyuma Nyangeta akakohoa.

Nyamizi akainuka. Hakufikiri. Alikwenda kwa kupapasa, akamgeuza yule mzee ubavu, akamfunika blanketi la marehemu, akalichomeka mabegani, akarudi mahali pake. Nyangeta akakohoa tena, taratibu. Kikohozi cha tatu Nyamizi hakukisikia. Alikuwa amelala.

Alipofumbua macho jua lilikuwa limeshapita mawe. Jambo la kwanza aliloliona lilikuwa mikono miwili imeshika ubavu wa boti. Mafuru alikuwa ndani ya maji mpaka kifuani, mgongo ameuegemeza kwenye jiwe, midomo imepauka. Usiku upepo ulivuma, kamba ya nanga ikasagwa na mawe ikakatika. Boti ikasukumwa kwenda mwambani. Mafuru alishuka majini, akaweka mwili wake katikati ya mbao na jiwe, akabaki hapo mpaka kukapambazuka. Mgongo ulikuwa umechubuka, shati limegandamana na damu.

"Baba! Kwa nini hukuita mtu?"

"Ningeita, ungeamka."

"Na injini?"

"Injini ya boti hii huwaamsha hata wa kisiwa cha jirani."

Wakamvuta ndani, wakampa chai. Bituro ndiye aliyeshika injini kurudi. Wakiwa njiani Nyamizi akawaeleza yote: mama, maneno ya mama, desturi ya blanketi, na Kalunde. "Matanga yanaanuliwa nikifika," alisema. "Mama alisema nimpe atakayenilaza. Nami nimelala."

Wakapita kisiwa cha minandi. Kisha Bituro akapunguza mwendo wa injini ili asikike.

"Mtani, mimi sioni aibu kusema. Ni mimi. Ulikuja hapa umefungwa kama gunia. Nani alilifungua? Ulikuwa na kilio cha miaka, na mtu mwenye kilio kooni halali hata umpe godoro la mfalme. Nikakutoa kilio, ukalala. Na tena, kwa utani, mimi ningeweza kulibeba blanketi hilo bila kuomba, na usinifanye kitu. Naomba kwa sababu sitaki utani katika hili. Mimi nimekulia kwenye majiko ya watu. Sijawahi kuitwa na mtu nikiwa sina mwiko mkononi."

"Ulimliza," alisema Mafuru. "Kuliza si kulaza. Aliyelia alibaki macho, sote tulimwona. Mgeni, mimi sijui utani wala kubembeleza. Ninajua kwamba usingizi ulikuja na ungeondoka. Pale mwambani ungeamka ukiwa majini, au usingeamka. Mwenye kumlaza mtoto si yule anayemfumba macho tu. Ni yule anayekaa mlangoni. Mimi nina wana wa kiume, wamekwenda zao, hakuna anayeuliza kama nimerudi salama. Mgongo wangu huu."

"Mgongo wako umelipa kosa lako, mzee," alisema Bituro. "Nani alitia nanga chini ya mawe, na ghuba iko pale?"

Mafuru akainamisha kichwa. "Ni mimi. Nilitaka aone jua."

"Na hakuliona. Alikuwa amelala."

"Ndiyo. Alikuwa amelala," alisema Mafuru.

Nyamizi akamgeukia Nyangeta. Mzee alikuwa amejikunyata nyuma, blanketi likiwa bado mabegani mwake.

"Na wewe?"

"Mimi nina nini cha kudai, mwanangu? Mmoja amefanya kazi ya watani, mwingine amefanya kazi ya nguzo. Mimi nilikohoa. Nilikohoa kisha nikalala kama gogo, hata upepo sikuusikia."

"Basi livue, bibi, tujue moja," alisema Bituro.

Nyangeta akashika ncha za blanketi, asilivue. "Hilo ndilo linalonishinda. Sikulichukua. Nilifunikwa nalo. Kama mkono ulionifunika ulikuwa umelala, semeni, nitavua. Kama ulikuwa macho, basi blanketi lilishatolewa jana, na huko kwao halirudishwi. Naye aliponifunika ndipo akalala. Hakulala baada ya kucheka, wala hakulala baada ya kulia. Alilala baada ya kumfunika mtu. Nami sina mtu wa kunifunika."

"Ulikuwa macho, mgeni?" aliuliza Mafuru.

Nyamizi akakitazama kiganja chake. Alikumbuka bega jembamba chini ya mkono wake. Hakukumbuka kama alijua ni la nani.

"Sijui," alisema.

Mwalo ukaonekana, na mtu amesimama mbele ya wengine, maji yakimfika kwenye vifundo. Alikuwa Kalunde. Boti haijagusa mchanga, yeye kashanyoosha mkono.

"Nyamizi! Watu wamekaa wanangoja, matanga hayaanuliki, wewe umetoroka na blanketi la dada yangu! Liko wapi? Nani huyo amelivaa? Lete hapa. Mimi ni damu."

Bituro alizima injini. Mafuru akajaribu kusimama, mgongo ukamkatalia, akakaa. Nyangeta alikohoa, akaziba mdomo kwa ncha ya blanketi. Nyamizi akasimama katikati ya boti. Macho yake yalikuwa mazito bado, usingizi wa usiku mmoja hauwezi kulipa miaka, na alitaka jambo hili limalizike aende akalale tena. Wote wanne walikuwa wanamtazama. Alifungua mdomo kuita jina moja, lile ambalo hajamwita mtu tangu mazishi.

Nyinyi mliolala jana, nanyi mliokesha, mwambieni upesi, boti inagusa mchanga: amwite nani mama?