Kindi Ajitia Usuluhishi

Hapo zamani za kale, siku zile ambapo vifaru walikuwa bado wanasalimia watu njiani, palikuwa na Kindi mmoja mwenye watoto wanne. Walikuwa wadogo mno, hata macho hawajafumbua. Mama yao aliwalaza ndani ya tundu la mgunga, juu ya manyoya aliyojinyonyoa mwenyewe tumboni, na majirani wakamwita Mama Wanne.

Upande mmoja wa mgunga alikaa Kifaru na familia yake. Upande wa pili alikaa Nyati na yake. Walikuwa majirani wa kuazimana moto na chumvi, mpaka asubuhi moja Kifaru alipoharibu mambo kwa adabu yake.

Kifaru, kama mjuavyo, haoni vizuri. Siku hiyo alikuwa anakwenda kuoga matope, akapita penye kichuguu kikubwa, akadhani ni mtu mzima amekaa anaota jua. Akasimama. Akainamisha kichwa, akakiamkia kichuguu, akakiuliza hali, akakiuliza wa nyumbani, akakiombea siku njema. Hatua kumi mbele alisimama Nyati mwenyewe, amejiweka tayari kuitikia. Kifaru akampita kama anapita gogo.

Nyati akaumia. Kunyimwa salamu angevumilia, lakini salamu yake kupewa kichuguu! Jioni akaenda mpaka uani kwa Kifaru, akamkuta amekaa na wakwe zake, na mbele yao akamwita kipofu aliyebeba mwiko puani kama mtu aliyefukuzwa jikoni. Wakwe wakacheka. Kifaru naye akajibu kwamba ni afadhali mwiko puani kuliko pembe zilizochanwa katikati kama nywele za bibi harusi. Wakwe wakacheka tena, maana wakwe wale hawakuwa na upande.

Tangu hapo amani ikaisha. Kila jioni Kifaru alikuja upande wake wa mgunga akanoa pembe shinani, kwaru, kwaru, kwaru, ili Nyati asikie. Nyati naye akaja upande wake akaupiga mti kwa paji la uso, puu, ili Kifaru asikie. Mgunga ukaanza kuinama. Ndani ya tundu, wale watoto wanne walirushwa huku na huku kama mbaazi kwenye ungo.

Mwisho wake wakaapiana. Siku ya gulio, wanyama wote wakiwa wamekusanyika, watakutana pale mgungani pembe kwa pembe, wamalizane. Zilikuwa zimebaki siku sita.

Mtasema kwa nini Mama Wanne asihame. Ahamie wapi? Kinywa cha kindi hubeba mtoto mmoja kwa safari moja. Ukimpeleka wa kwanza, watatu waliobaki mwewe anawaangalia.

Sasa, bonde lile lilikuwa na msuluhishi wake, Bwana Korongo. Ninyi mmeshamwona: upara, koti jeusi, shingo imezama mabegani, anatembea kana kwamba ardhi ni yake na sisi wengine tumepanga. Alikuwa na kigoda, alikuwa na mgwisho, na chini ya shingo alikuwa na mfuko wa kuwekea chakula. Shauri la Kifaru na Nyati lilikuwa mikononi mwake tangu masika. Siku moja alisikiliza kwa Kifaru, akapikiwa vyura wa nazi. Siku ya pili alisikiliza kwa Nyati, akapikiwa vyura wa kukaanga. Siku ya tatu aliahirisha kikao, akala kwa yule aliyesikitika zaidi.

Mama Wanne akamwendea, akamwamkia kwa heshima zote, akamwomba awapatanishe wale wakubwa kabla ya gulio. Korongo akafumba jicho moja.

"Bibi," akasema, "ugomvi ni kama muhogo. Ukiuchimbua mapema, unakuta haujanenepa."

"Na watoto wangu, Bwana Korongo?"

"Watoto wako hawamo kwenye shauri. Wanaogombana ni wawili tu."

Mama Wanne akauliza kama kuna mtu mwingine yeyote anayeweza kuifanya kazi hiyo. Korongo akacheka mpaka mfuko wake ukatikisika. Akamwambia usuluhishi si kuchuma kungu, ni kazi ya wenye vyeo na vifaa. Yeye Kindi, kigoda anacho?

Kigoda hakuwa nacho. Akaenda kwenye jalala la gulio, akaokota kifuu cha nazi, akakipindua, akakikalia kujaribu. Kikamtosha. Mgwisho alikuwa nao tangu kuzaliwa, unaning'inia nyuma yake. Kesho yake asubuhi akaanza kazi.

Siku ya kwanza alifanya kosa la mtu mwaminifu. Alikwenda kwa Nyati, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akakimbia kwa Kifaru na kumfikishia kila neno kama lilivyo, pamoja na mwiko. Akapokea majibu, akayarudisha kwa Nyati kama yalivyo, pamoja na bibi harusi. Hakupunguza, hakuongeza. Jioni ile mgunga ulipigwa mapigo ambayo haujawahi kupigwa, puu, puu, puu, na mtoto wa mwisho akarushwa mpaka mlangoni mwa tundu. Mama yake akamdaka kwa meno.

Akakaa naye kifuani, akawaza. Maneno yale wenyewe walikuwa wanayo tayari. Yeye alikuwa amewachukulia tu mzigo.

Kesho yake akarudi kwa Nyati na kifuu chake kichwani. Mke wa Nyati akamtengea chakula. Mama Wanne akashukuru, akasema yeye hali nyumbani kwa mmoja tu. Atakula siku ile waliogombana watakapokula sinia moja, naye atakula mabaki yao. Mke wa Nyati akamtazama mumewe. Msuluhishi wa namna hiyo hawakuwahi kumwona.

Nyati akaanza matusi yake. Mama Wanne safari hii hakusikiliza sana. Akaachia macho yatembee uani. Akaona ndama mmoja anakwenda kwenye pembe ya ua, palipokuwa na bonge la jiwe la chumvi limefunikwa jani, akainua jani alambe.

"Acha hiyo," Nyati akafoka. "Hiyo ni ya yule kipofu. Yule tangu utoto wetu hali majani bila chumvi."

Kisha akagundua alichosema, akakohoa, akamwambia Mama Wanne asisahau kumfikishia Kifaru habari ya mwiko.

Mchana Mama Wanne akamkuta Kifaru njiani, anakwenda matopeni, akaandamana naye. Kifaru alikuwa anatukana huku anatembea kwa kishindo, ndi, ndi, ndi. Ghafla akanyamaza. Mwili wote ule mkubwa ukaanza kunyata, nya, nya, nya, na midomo inahesabu kimyakimya. Alipofika thelathini na mbili, akarudia kishindo chake na matusi yake pale alipoyaachia.

Mama Wanne akamwuliza amehesabu nini.

"Hatua," akasema Kifaru. "Ndama wa yule mpumbavu hulala pale mchana. Nikikanyaga kwa nguvu wanashtuka."

"Lakini si mmegombana, mzee?"

"Nimegombana na baba yao. Ndama wamenikosea nini?"

Kindi akasimama katikati ya njia, mgwisho juu. Tangu aanze kazi hii hilo lilikuwa neno la kwanza la kupelekwa.

Siku moja kabla ya gulio akaenda kwa Nyati, akapindua kifuu, akakaa, akasema ameleta ujumbe. Akasema Mzee Kifaru amesema hivi: watoto wa Nyati wamelelewa vizuri kuliko watoto wote wa bonde hili, hata yeye akipita karibu nao hupita kwa kunyata, na malezi kama hayo hayatoki kwa baba mjinga. Nyati akaacha kutafuna.

Akaenda kwa Kifaru, akapindua kifuu, akakaa. Akasema Bwana Nyati amesema hivi: majani yamekosa ladha tangu Kifaru aache kuja, na chumvi yake imewekwa, haiguswi na mtu, hata mtoto. Kifaru akapumua kwa nguvu, fuuu, kifuu kikaruka, Kindi akiwa juu yake.

"Amesema hivyo kwa kinywa chake mwenyewe?"

"Mimi ni msuluhishi, mzee," akajibu Mama Wanne akijipangusa vumbi. "Kazi yangu ni kuleta maneno."

Akamwambia wakutane kesho palepale mgungani, kama walivyoapa, lakini pawekwe sinia badala ya pembe. Kisha akaenda kumwambia Nyati vivyo hivyo.

Siku ya gulio ikafika. Wanyama wakaacha biashara zao, wakajaa pale mgungani. Wengine, na tusiwafiche, walikuja kwa sababu ya ngumi, wakasikitika kuona sinia. Lilikuwa limejaa majani laini na mizizi, na katikati jiwe la chumvi. Kifaru akakaa huku, Nyati huku, na Mama Wanne juu ya kifuu chake katikati. Walikuwa wanaona haya, kila mmoja anamsubiri mwenzake aanze.

Hapo akatua Bwana Korongo, pwa, karibu na sinia. Alikuwa na njaa ya siku nne, maana tangu Kindi akatae chakula, nyua zote mbili zilikuwa zimeacha kumpikia. Alikuwa amepata habari, na sauti yake alikuwa ameinoa.

"Kabla hamjala," akasema, "bonde lijue. Huyu Kindi ni mwongo. Bwana Nyati, Kifaru alikuletea maneno gani?"

Nyati, aliyekuwa akiyakumbuka vizuri sana, akayasema yote, mpaka na lile la malezi.

"Mzee Kifaru. Uliyasema hayo, au hukuyasema?"

Manyoya ya Mama Wanne yakasimama. Nyuma yake, juu kidogo, ulikuwa ule mti ulioinama, na ndani yake walikuwa wanne wake. Kifaru akisema "sikusema", Nyati angeinuka, na Nyati akiinuka kwa hasira hachagui mahali pa kupiga.

Kifaru akatikisa masikio. Kuyasema, hakuyasema, na hilo alilijua. Lakini alijua na jingine. Kama yake ni ya uongo, basi na yale ya Nyati ya majani kukosa ladha yatakuwa ya uongo, na tangu jana alikuwa ameshamsimulia mkewe mara saba, na wakwe mara mbili. Akamtazama Nyati. Kwa macho yale mabovu aliona kivuli kikubwa cheusi kimeinamisha kichwa, kinasubiri.

"Nilisema," akasema Kifaru.

"Nilikuwepo mimi!" Korongo akaruka. "Ulisema pembe zake kama nywele za bibi harusi!"

"Hilo nalo nilisema. Bibi harusi ana ubaya gani?"

Watu wakaangua kicheko. Korongo akageuka upande wa pili, mfuko unamtetemeka, akamwuliza Nyati kama na yeye alisema hayo anayosingiziwa, habari ya ladha na chumvi. Akamkumbusha kwamba yeye Korongo alikuwa ameketi pale pale uani kwa Nyati, siku zote, na neno kama hilo hakulisikia hata siku moja.

Nyati akamtazama Kifaru kwanza. Halafu akamtazama Korongo, taratibu, kuanzia miguuni mpaka kwenye upara.

"Korongo," akasema, "nilisema. Siku hizo uani kwangu, ulikuwa unasikiliza au ulikuwa unatafuna?"

Hapo hata wale waliokuja kwa ajili ya ngumi wakasahau ngumi zao. Korongo akakunja mgwisho wake, akachukua kigoda chake, akaondoka kwa ule mwendo wake wa mwenye nyumba, lakini kasi kidogo. Nyati akaisukuma chumvi upande wa Kifaru. Wakala, mpaka sinia likabaki na mizizi mitatu na jani. Mama Wanne akayala mabaki hayo kwa heshima zote za kazi yake, na kabla hajamaliza, Nungunungu na mkewe walikuwa wameshasimama mbele ya kifuu, hawatazamani, kila mmoja anataka aanze yeye kusikilizwa.

Jioni Kifaru akaja mgungani peke yake. Mama Wanne akajishika kwenye ukingo wa tundu kwa mazoea. Lakini Kifaru aliweka bega lake kwenye shina, akausukuma mti taratibu sana, kidogo kidogo, mpaka ukasimama wima. Kisha akainua uso.

"Mama Wanne, hebu niambie baina yetu. Yule bwana alisema kweli maneno yale?"

"Na wewe, mzee, ulisema yako?"

Kifaru akafikiri. "Mimi nimesema leo, mbele ya watu."

"Na yeye kasema leo, mbele ya watu."

"Basi jana wewe uliniletea nini?"

"Nilikuletea ya leo, mzee," akasema Mama Wanne. "Nilitangulia kidogo tu."

Kifaru akaitia hoja hiyo kichwani, akaizungusha, akaiona haina kasoro. Akaaga, akaenda zake anakula upepo. Ndani ya tundu, mtoto mmoja alikuwa amefumbua jicho moja, anashangaa dunia imetulia.

Hapo ndipo nilipofikia, na ulimi wangu nao upumzike. Mwenye kuuliza amwulize Kindi, kifuu chake hakijapoa.

Anayebeba kila neno ni mjumbe. Anayechagua la kubeba ndiye mpatanishi.