Kompyuta ya Dada Mkubwa

"Hata kompyuta, mama? Hata hii?" Fundi alikuwa ameikumbatia kama kuku anayeatamia. "Mdogo wangu akitaka kiti, kiti chake. Akitaka kulala, sote tunanyata. Mimi nilipougua homa uliniambia nimeze dawa nikamalizie kushona."

"Na ulipona," mama alijibu.

Fundi, binti mkubwa, alishonea nguo pale sebuleni na kuchora mitindo kwenye kompyuta hiyo yenye skrini pana. Mdogo wake, ambaye kwa maneno yake mengi walimwita Kasuku, hakusikia tena tangu tangi la mvuke lilipolipuka kiwandani alikofanya kazi. Mchana huo daktari asiye wa kiwanda wala wa familia angempima kwa video, ndipo bima iamue kama arudi kwenye mashine. Alishapimwa hivyo mara moja, kwa simu. Hakuelewa kitu, akaona haya, akaitikia kwa kichwa kila swali, hata lile la kama anasikia king'ora cha hatari. Mama alipambana mpaka wakampa nafasi ya pili, ya mwisho.

Wivu ulikuwa ukimchoma Fundi kama mwiba wa samaki. "Simu anayo," alisema. "Na bima wamemwekea mtu wa kumwandikia kila neno kwenye skrini. Mimi nani aliwahi kuniandikia?"

Kasuku, aliyekuwa akiisoma midomo yao, akainamisha uso.

Simu ya Kasuku ikaita. Alikuwa karani wa bima, akipiga kwa video kuhakikisha kila kitu kiko tayari kabla daktari hajaingia. Mama akaichukua, akazima sauti, akamkabidhi Fundi. "Haya, wewe uliyeonewa. Zungumza naye."

Uso wa karani ulikuwa mdogo kama kifungo cha shati, tena mweusi kwa mwanga wa dirisha lililokuwa nyuma yake. Midomo ikacheza. Fundi akatabasamu. Karani akarudia, akangoja. Jasho likamtoka Fundi, akaitikia kwa kichwa. Midomo ikacheza tena. Akaitikia tena, ilimradi yaishe.

Mama akarudisha sauti.

"Basi vizuri," karani alikuwa akisema. "Kama maandishi hamyahitaji, nayaondoa."

"Usiyaondoe," Fundi alidakia. "Sikusikia ulichouliza."

"Mbona uliitikia?"

Kasuku akacheka, mara ya kwanza siku hiyo. "Ndivyo tunavyofanya sisi tusiosikia," alisema, kwa sauti kubwa asiyoweza kuipima mwenyewe.

Fundi akaifunga michoro yake, akaibeba kompyuta hadi mezani, akamsogezea mdogo wake kiti. Akazima cherehani ili yule mtu wa kuandika asisumbuliwe na kelele. Kompyuta ilipounganishwa, maneno ya karani yakajipanga chini ya uso wake, manene kama ya bango.

"Bado namwonea wivu," Fundi alimnong'oneza mama.

"Mwonee, lakini toka mbele ya kamera."

Akatoka, akasimama mlangoni asiingie mtu. Kitanda usichokilalia, hujui kunguni wake.