Kaburi la Habona Kilimani Kirutu

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo pakawa yenu imejaa usingizi. Paukwa!

Pakawa!

Ewaa. Sogeeni basi, moto ni wa wote.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakisema na watu wakijibu, palikuwa na nchi iliyozunguka kilima kiitwacho Kirutu. Watu wake waliitwa Wakirutu. Walilima mtama, walirina asali, na mtu wao alipokufa walimpandisha kilimani, wakamlaza miguu ikielekea macheo, ili jua likichomoza limkute tayari.

Siku moja wakaja watu kutoka ng'ambo. Wakirutu wakawaita Waja-Leo, kwa kuwa walikuja siku ile na kila mtu alidhani kesho yake wataondoka. Kesho yake hawakuondoka. Kesho kutwa wakajenga. Mtondo wakazungushia kilima ua wa magogo, wakatia lango, wakafungulia kondoo wao humo, kisha wakawauliza Wakirutu wanatafuta nini pale.

Waja-Leo hawakuwa watu wabaya. Wenyewe walisema hivyo, tena mara kwa mara. Ila walikuwa na desturi zao. Jina la Wakirutu liliwashinda ulimi, ingawa mkubwa wao aliitwa Bwana Osvalo Benaditoreli. Basi wakawaita "Wale." "Wale wamechelewa." "Wale wanajua kucheka, masikini." "Ficha vijiko, Wale wanapita."

Na desturi nyingine: Mja-Leo hakugusa mkono wa Mkirutu. Akitaka kumpa kikombe, alikiweka chini, akarudi nyuma, ndipo Mkirutu akakiokota. Watoto wa Waja-Leo walipouliza sababu, waliambiwa ni usafi. Mikono hiyo hiyo ndiyo iliyowakandia mkate, lakini habari ya mkate hakuna aliyeiuliza.

Sasa, palikuwa na mwanamke Mkirutu jina lake Guyato. Alikuwa akifua nguo kwa Bwana Osvalo na mkewe, Bibi Perina. Kabla yake alifua mama yake, Habona. Bibi Perina aliona Habona ni jina gumu, akamwita Maua. Habona alipozeeka, Guyato akashika kazi, naye akawa Maua. Jina lilikwenda na beseni.

Alfajiri moja Habona akamshika mkono binti yake.

"Guyato mwanangu, nakwenda. Unilaze Kirutu, ubavuni pa mama yangu."

"Mama, Kirutu kuna ua."

"Najua. Mama yangu aliingia kabla ya ua."

Akafumba macho, akafa.

Guyato hakulia. Kwa Wakirutu maiti hungojea jua moja tu. Likitua hajazikwa, ni aibu kwa waliobaki. Na jua lilikwisha kutoka. Akamfunika mama yake shuka nyeupe, akafunga mlango, akashika njia huku akiimba polepole:

*Ningoje mama, ningoje,*
*naenda kubisha hodi kwenu,*
*naenda kubisha hodi kwenu.*

Akamkuta Bibi Perina barazani, anakunywa chai.

"Hodi, Bibi."

"Maua! Umechelewa. Mashuka yanakungoja."

"Bibi, mama yangu amefariki."

Bibi Perina akaweka mkono kifuani. "Mama yako? Yupi huyo?"

"Habona. Aliyekufulia kabla yangu."

"Aliyenifulia kabla yako ni Maua."

"Ndiye huyo, Bibi."

"Lakini Maua ni wewe."

"Ndiyo, Bibi."

Bibi Perina akalifikiri jambo lile, likamshinda, akalia. Alilia vizuri, kwa leso. "Masikini Maua! Alikuwa msafi yule, hakuwa kama Wale wengine. Nilimhesabu mtu wa nyumbani."

"Bibi, aliusia azikwe Kirutu, kwa mama yake."

Leso ikasimama. "Kirutu ndiko tunakopunga upepo, Maua. Si kwamba tunawabagua. Ila mimi ni mwanamke tu. Kamwulize Bwana." Akaingia ndani, akatoka na gauni lake kuukuu, akaliweka chini, akarudi nyuma.

"Nimesikia, Bibi," akasema Guyato. Gauni akaliacha pale pale lilipowekwa.

Akashika njia, akaimba:

*Ningoje mama, ningoje,*
*naenda kubisha hodi kwenu,*
*naenda kubisha hodi kwenu.*

Akamkuta Bwana Osvalo langoni pa kilima, anatazama kondoo wake. Guyato akaeleza haja yake. Bwana Osvalo akamsikiliza mpaka mwisho, kwani alikuwa mtu wa adabu.

"Mimi nawapenda sana Wale," akasema. "Nilinyonyeshwa na mmoja wao. Jina limenitoka, lakini mapenzi yapo. Tatizo ni moja: nikimruhusu huyu azikwe, kesho wote watataka kufa."

"Watakufa tu, Bwana, uruhusu usiruhusu."

"Umeona? Hamna subira."

Guyato akatazama juu kilimani. Palikuwa na jiwe jeupe lililochongwa vizuri. "Bwana, mbona mbwa wako Kaiza amezikwa pale juu?"

"Kaiza alizaliwa hapa," akasema Bwana Osvalo.

Guyato akalitazama tena lile jiwe.

"Si kwamba tunawabagua," akasema Bwana Osvalo baadaye. "Ila kaulize baraza."

"Nimesikia, Bwana."

Alipogeuka kuondoka, kondoo dume mmoja akatoa kichwa uani. "Misiba yenu ina fujo," akasema. "Kwetu hatufanyi hivyo."

"Kwenu wapi, kaka kondoo?"

"Ng'ambo."

"Umewahi kufika?"

"Bado. Ila nasikia ni kuzuri mno." Akarudi kula majani ya Kirutu.

Guyato akashika njia, akaimba:

*Ningoje mama, ningoje,*
*naenda kubisha hodi kwenu,*
*naenda kubisha hodi kwenu.*

Wazee wa baraza la Waja-Leo walikuwa wamekwisha kula. Mkuu wao aliitwa Mzee Benatu. Viti vingi vilikuwa vitupu, lakini Guyato akaambiwa asimame mlangoni, asije akachoka kwa kukaa. Akaeleza haja yake kwa mara ya tatu.

"Unasema lugha yetu vizuri sana," akasema Mzee Benatu. "Umejifunzia wapi?"

"Kwenu, nikifua."

"Hongera. Sasa, mna ushahidi gani kwamba kilima kile ni chenu?"

"Wazee wetu wamo."

"Sisi hatuwaoni."

"Wako chini, Mzee."

"Basi chimbeni mtuonyeshe."

"Tufungulieni lango tuchimbe."

"Kuchimba kilimani ni marufuku," akasema Mzee Benatu, na wazee wote wakaitikia kwa vichwa, maana ilikuwa kweli. "Si kwamba tunawabagua. Ila sheria ni sheria."

"Nimesikia, Mzee."

Alipotoka, jua lilikuwa limepita utosini. Guyato akakaa ukingoni mwa njia. Alitafuta hasira moyoni mwake, hakuiona. Aliona uchovu tu, kama mtu aliyebebeshwa mzigo wa watu wengine kutwa nzima, kisha akaambiwa aseme ahsante. Na mama yake alikuwa peke yake nyuma ya mlango uliofungwa.

Ardhi ikafunuka mbele yake, akatoka Muhanga, mnyama mwenye masikio marefu na kucha za kuchimba. Muhanga si mtu wa mchana, lakini msiba ni msiba.

"Nimesikia Habona ametutoka," akasema.

"Ametutoka, Mzee Muhanga."

"Pole, mwanangu. Alikuwa akinisalimu. Umeomba ruhusa?"

"Nimeomba mlango wa kwanza, wa pili, wa tatu."

"Mimi nyumba yangu imo ndani ya ua wao, na sijaomba hata siku moja. Mtu haombi kuingia kwao. Anaingia."

"Na wakitufukuza?"

Muhanga akafikiri. "Hilo nalo linawezekana," akasema.

Guyato akainuka, akajipangusa vumbi. Akaenda kwa Mzee Galgalo, ndugu wa mama yake, aliyekuwa mchungaji wa kondoo wa Bwana Osvalo.

"Mjomba, utatufungulia lango?"

Galgalo alikuwa mzee wa miguu mibovu na maneno machache. Hakuwa na kazi nyingine wala mahali pengine pa kulala ila kibanda cha Bwana Osvalo. Akashika fimbo yake.

"Kila siku nawafungulia kondoo," akasema. "Twende."

Wakamwosha Habona, wakamvisha shanga zake za shingoni, nyeusi na nyeupe, kama desturi yao kwa mwanamke aliyezaa. Wakamlaza juu ya machela ya fito. Mpishi wa Bwana Osvalo akaacha chungu, mkata kuni akaacha shoka, yaya akaacha kubembeleza, Wakirutu wote, wakafuata machela. Wakapita langoni jua likiwaka, na kila mtu aliyetaka kuwaona aliwaona.

Juu kilimani Muhanga akachimba. Udongo ukaruka huku, udongo ukaruka huku. Shimo lilipofika kiunoni akasimama ghafla. "Tumefika kwa mwenyewe," akasema.

Ubavuni mwa shimo mifupa ilikuwa imelala, miguu ikielekea macheo. Shingoni palikuwa na shanga, nyeusi na nyeupe. Wakirutu wakapiga magoti. Guyato hakuwahi kumwona bibi yake. "Shikamoo, Bibi," akasema.

Hapo ndipo Waja-Leo walipofika wakihema: Bwana Osvalo mbele, Bibi Perina nyuma yake, na Mzee Benatu na baraza lake zima.

"Maua!" akalia Bibi Perina. "Unafanya nini?"

"Naitwa Guyato, Bibi. Namzika mama yangu. Mzee Benatu, ulitaka ushahidi. Huu hapa."

Mzee Benatu akainama juu ya shimo, akatazama mifupa, akatazama shanga. Uso wake ukachangamka. "Ajabu! Shanga hizi ni za kale mno. Osvalo, hizi tuziweke kabatini, wageni wazione."

"Ni za nani, Mzee?" Guyato akauliza.

"Za watu waliokuwa wakiishi hapa."

"Huyo ni bibi yangu. Mtazame mama yangu, amevaa vivyo hivyo."

"Watu wale walitoweka, binti. Inasikitisha sana. Hebu sogea kidogo, unanikingia mwanga."

Guyato akasogea. Akasogea mpaka ukingoni, akaingia shimoni, akasimama katikati ya bibi yake na mikono ya Mzee Benatu. Akawainulia mikono ndugu zake, wakamteremshia mama yake. Akamlaza taratibu, miguu ikielekea macheo.

"Maiti hiyo itoke!" akasema Bwana Osvalo.

"Mtoe, Bwana," akasema Guyato kutoka shimoni. "Ni mwepesi. Mikono yako miwili inatosha."

Bwana Osvalo akaitazama mikono yake. Mzee Benatu akaitazama yake. Baraza zima likatazama mikono. Tangu waachishwe ziwa, hapakuwa na hata mmoja aliyewahi kumgusa Mkirutu akiwa hai, sembuse maiti.

"Galgalo!" akaita Bwana Osvalo. "Ingia umtoe!"

"Nimesikia, Bwana," akasema Galgalo. Akasimama pale pale.

"Mpishi! Ingia umtoe!"

"Nimesikia, Bwana," akasema mpishi. Akasimama pale pale.

"Nyote! Ingieni mmtoe!"

"Tumesikia, Bwana," wakasema wote kwa sauti moja, kwa heshima kabisa. Wakasimama pale pale.

Yule kondoo dume akaanza kusema, "Kwetu..." kisha akaona heri aendelee na majani.

Guyato akapanda juu, akachota udongo, akautia. "Huyu ni Habona," akasema, "na aliye kando yake ni mama yake." Galgalo akatia. Mpishi akatia. Wote wakatia.

Bibi Perina alikuwa amevua kiatu kimoja. Akapiga hatua. "Na mimi ningependa," akasema kwa sauti ndogo. "Alinifulia nguo za harusi."

Guyato akamnyooshea mkono, asije akateleza kwenye udongo uliolegea. Bibi Perina akautazama mkono ule. Akainua wake, ukafika nusu ya njia, ukabaki hewani. Bwana Osvalo akakohoa. Ule mkono ukashuka, na Bibi Perina akavaa kiatu chake.

Kaburi likafukiwa, Muhanga akalishindilia mwenyewe, na mifupa na shanga zikabaki na wenyewe. Mzee Benatu akakusanya baraza lake kando, wakanong'ona, akarudi. "Baraza," akasema, "kwa huruma yake, limewaruhusu Wale wamzike mama huyu."

"Tumesikia," wakasema Wakirutu, wakipangusa mikono.

Tangu siku ile, Mkirutu akifa hupitishwa langoni na kuzikwa Kirutu, na baada ya kuzikwa baraza hukaa likaruhusu. Waja-Leo wanapenda mambo yafuate utaratibu. Mzee Galgalo alitolewa kibandani jioni ile ile, akahamia kwa Guyato. Na Guyato hakurudi tena kufua.

Siku ile ile ya maziko alirudi nyumbani, akakaa mkekani. Watu wakajaa ua mzima. Wakapika uji wa mtama, wakampa. Wengine walikuwa wakicheka, wakiigiza Bwana Osvalo anavyotazama mikono yake, na wazee wakamsifu Guyato wakisema hawajaona mwanamke kama yeye.

Tangu alfajiri Guyato alikuwa akihangaikia mahali pa kumlaza mama yake. Hakuwa amepata nafasi ya kufiwa. Sasa akaipata. Akaweka bakuli chini, akajifunika uso kwa mtandio, akalia, akalia, akalia, mpaka vicheko vikakoma uani.

Jirani mmoja akamwinamia. "Guyato, unalia nini tena, nawe umeshinda?"

"Mama yangu amekufa," akasema Guyato.

Hadithi yangu imeishia hapo, mkekani pa Guyato. Mwenye kuni na aongeze; mwenye usingizi, njia ya kwao anaijua.