Jina la Mtoto wa Nambua

Hapo zamani, na simaanishi zile za sungura kuvaa kanzu, ni zamani za karibu tu, dawa ya kujidunga ilipokuwa imeshafika milimani na umeme bado. Sogeeni. Mwenye usingizi akalale sasa hivi, maana hadithi hii mwisho wake si wangu, ni wenu, na sitaki mtu aniambie kesho kwamba alisinzia.

Katika kijiji cha Ikongwe waliishi watu wenye ugonjwa wa sukari. Hawakuwa wengi, lakini walijuana kuliko ndugu wa tumbo moja. Walikuwa na chungu chao. Kilikuwa chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga uliolowa, juu gunia lililoloweshwa. Mle ndani zililala chupa zao za insulini, kila chupa imefungwa uzi wa rangi yake. Jua liwake liwakavyo nje, ukitia mkono mle unakuta ubaridi wa alfajiri. Mimi nimeutia mkono wangu, sikuhadithiwa. Udongo, mchanga na maji, basi, na watu wanaishi. Hadi leo nikikumbuka nashangaa.

Asubuhi na jioni walikutana pale chunguni, kila mtu na sindano yake, wakajichoma pamoja. Umekula nini? Umekula saa ngapi? Hebu lete mguu tuuone. Waligeuzana nyayo na kuzikagua, na aliyeficha kidonda alisemwa mpaka akajuta. Tena kila mmoja alitembea na sukari, imefungwa kwenye pindo la kanga au imetiwa mfukoni. Ndiyo, sukari. Watu walioambiwa waikimbie ndio waliotembea nayo, kwa sababu sukari ya mwilini ikishuka ghafla mtu hutoka jasho, hutetemeka, husema asiyoyajua, kisha huanguka. Asipopewa kitu kitamu upesi, haamki.

Kati yao alikuwamo Nambua. Huyu mwanamke alikuwa na mdomo. Alimwambia katekista kwamba mahubiri yake yanaweza kuchachusha togwa. Alimwambia mwenyekiti wa kijiji kwamba afadhali kiti chenyewe. Hakuna aliyepona, na hakuna aliyewahi kusikia neno la shukrani likitoka kinywani mwake. Watu walimvumilia, maana walijua alichobeba. Sukari ya Nambua ilikuwa ya utotoni, mwili wake haukuwa na dawa yake wenyewe hata tone. Akikosa sindano, anakufa. Na kila mimba aliyoshika ilikuwa imeharibika. Alikuwa amezika watoto ambao hawakuwahi kulia.

Akashika mimba nyingine. Safari hii mama mkwe wake, Bibi Naetwe, akaja mwenyewe chunguni akasimama mbele ya wagonjwa wote. Desturi ya Ikongwe ilikuwa kwamba mtoto wa kwanza wa kike huchukua jina la mama wa baba. Jina hilo lilikuwa haki ya Bibi Naetwe, na alikuwa amelisubiri hadi mvi zimemjaa. Akasema, "Jina langu naliweka chini. Atakayemvusha huyu mtoto hadi nimshike akiwa hai, yeye ndiye atakayetoa jina. Nimesema mbele ya watu." Kisha akajifunga kanga yake akaenda zake, na Nambua akalalamika kwamba mkwewe amemzibia mwanga.

Sikilizeni sasa.

Lilikuja jua. Bomba la kijiji likakauka, visima vikabaki tope. Chungu kikikauka mchanga, dawa inapata joto, na dawa iliyopata joto ni maji tu. Mtunza chungu alikuwa Mzee Senkondo, na Mzee Senkondo alikuwa na mguu mmoja. Ule mwingine ulikatwa hospitali kwa sababu ya sukari hiyo hiyo. Vijana walikuwa wameshuka tambarare na ng'ombe. Mzee akajifunga dumu mgongoni, akashika magongo yake, akapanda hadi kwenye chemchemi, na njia ile mimi mwenye miguu yangu miwili naishuka kwa makalio. Akapanda leo, akapanda kesho, akapanda kila siku ya kiangazi kile. Kigutu kikachubuka, kikafanya kidonda. Nesi wa zahanati akamkataza kwa ukali, akaitikia vizuri sana, na asubuhi akapanda. Mvua ziliporudi, mchanga ulikuwa bado umelowa na dawa ilikuwa bado nzima. Mimba ikasonga mbele.

Zilikuja mvua. Zilianza vizuri, zikaendelea vibaya, zikabomoa barabara, na gari la dawa likashindwa kupanda. Chupa chunguni zikaisha moja baada ya nyingine. Ya Nambua ikaisha. Iliyobaki imejaa ilikuwa moja tu, yenye uzi mwekundu, ya Namcharo mshona nguo. Sukari ya Namcharo, kama ya wenzake wengine, ilikuja ukubwani, mwili wake ulikuwa na dawa kidogo yake wenyewe. Angeweza kuishi bila sindano kwa muda, lakini kuishi kwa namna gani? Nesi alimweleza bila kumficha, kwamba dawa ni ile ile, inamfaa Nambua, ila yeye Namcharo macho yake tayari yalikuwa yameanza kuguswa. Namcharo akauliza Nambua atakaa siku ngapi bila dawa. Nesi akahesabu vidole vya mkono mmoja, hakuvimaliza. Namcharo akafungua uzi mwekundu, akafunga wa bluu, ambao ulikuwa rangi ya Nambua, akaitia chupa chunguni, akaenda nyumbani kula mboga za majani na kunywa maji. Nambua alimwambia hata fundo lenyewe hajui kulifunga. Barabara ilipofunguliwa, Namcharo alikuwa hatungi tena uzi kwenye sindano ya cherehani. Mimba ikasonga mbele.

Nasimama hapa kidogo, maana mimi hili linanishinda. Mshona nguo anajua macho ni nini. Alijua anachotoa, akakitoa mchana kweupe bila kuitiwa mashahidi.

Ikaja harusi. Mpishi alikuwa Nakiete, naye mwenzao wa chunguni, na Nakiete na Nambua hawakupatana tangu usichana. Walikuwa wakitafutana ili wagombane. Kila mchuzi wa Nakiete, Nambua aliuonja na kuutolea maneno, na Nakiete aliyajua maneno hayo kwa moyo, aliweza kuyarudia usingizini. Siku hiyo Nambua akapita jikoni akauliza chakula vipi, maana mtu wa sukari hujichoma kwanza ndipo ale. Nakiete akasema, "Tayari." Ninyi mnajua tayari ya mpishi wa harusi. Nambua akajichoma, akaenda kukaa chini ya turubai. Na mshereheshaji akainuka kukaribisha hotuba. Akazungumza baba mdogo wa bwana harusi. Akazungumza mjomba. Akazungumza mtu ambaye hadi leo haijulikani ni ndugu wa nani.

Chakula kilipotoka, Nakiete mwenyewe akampelekea Nambua sahani ya makande, akasimama kusubiri tusi lake. Nambua akainua macho, akatabasamu, akasema kwa sauti laini, "Ahsante sana, dada yangu. Una mikono mizuri."

Wanawake waliokaa karibu wakafurahi. Wakasema mimba imemlainisha, Mungu mkubwa. Mama mmoja akaanza kigelegele.

Nakiete peke yake hakufurahi. Akaitupa ile sahani, akafungua pindo la kanga yake, akamimina sukari yote kwenye kikombe cha maji, akamkaba Nambua kichwa kwapani na kumnywesha kwa nguvu. Watu wakadhani ugomvi umeanza, wakaja kuwatenganisha, naye akawapiga viwiko na kuendelea kunywesha. Ndipo walipoona jasho lilivyomlowesha Nambua gauni zima, na macho yake yakipanda juu. Kikombe kikaisha. Nambua akalegea mikononi mwa adui yake, na mkono wa adui ukashuka ukalala juu ya tumbo, ukasubiri. Baada ya muda tumbo likasukuma ule mkono kutoka ndani, na Nambua akafumbua jicho moja.

Akasema, "Kikombe hiki kinanuka kitunguu. Hata maji unayaharibu wewe?"

Nakiete akaketi chini mavumbini, akalia kwa furaha mbele ya wageni wote.

Mtoto akazaliwa hospitali ya bondeni. Wa kike, mkubwa, mwenye nywele. Akalia. Kwa kawaida mtoto akilia watu humbembeleza anyamaze, lakini yule hakubembelezwa. Nambua alisema mwacheni alie, na wakunga, na mume wake, na watu wote wa chunguni waliojazana mlangoni wakasimama kumsikiliza kama vile hawajawahi kumsikia mtoto. Baada ya hapo Nambua hakumtusi mtu, na hilo nalo lilisimuliwa kijijini.

Siku ya kumtoa mtoto nje ikafika. Uwanja ukajaa. Bibi Naetwe akatoka na mtoto mikononi, akasimama kizingitini, akasema ahadi yake iko pale pale. Jina moja, mtoto mmoja. Anayelidai aseme.

Mzee Senkondo akajikongoja mbele. Akasema, "Mimi sina mke wala mwana. Mguu wangu umetangulia kaburini, na mwingine sasa unaniuma kwa sababu ya njia ya chemchemi. Silalamiki. Wote hapa mmeishi kwa chungu kile, na kingekauka, chupa aliyoitoa Namcharo ingekuwa ya maji. Naomba jina la marehemu mama yangu, Nanzia. Nataka kitu changu kimoja kibaki juu ya ardhi, kikitembea."

Watu wakaguna kwa uchungu. Wengi wakaona yamekwisha.

Namcharo akashikwa mkono akaletwa mbele. Akasema, "Mzee ulitunza dawa, sikatai. Lakini uliitunza na yako ilimokuwa. Mimi yangu niliitoa. Huyu mtoto nimeletewa nimpakate, nikamwangalia, nikaona ukungu. Sitamjua kwa uso. Akiwa na jina langu, nikasimama mlangoni nikajiita mwenyewe, nikasikia mguu wa mtoto unakuja mbio, basi nitakuwa nimemwona."

Hapo wengine wakajifunika nyuso kwa kanga.

Nakiete akaja wa mwisho, anafuta mikono. Akasema, "Mimi sina kilema cha kuwaonyesha. Nilichofanya kilikuwa kifupi kuliko kupuliza moto. Lakini dawa aliyotunza Mzee, dawa aliyotoa Namcharo, ni hiyo hiyo iliyokuwa inamuua pale kwenye turubai, na mama na mtoto wangekufa wakiwa wamepigiwa kigelegele. Ninyi nyote mlikuwa mnamvumilia Nambua. Mimi nilikuwa namsikiliza."

Mzee Senkondo akamkumbusha taratibu kwamba aliyesema chakula tayari ni yeye.

"Ni mimi," Nakiete akasema. "Sijakana, na sitakana. Ndiyo maana nataka aitwe jina langu, kila nikimwita hapo jikoni nikumbuke, nisije nikasahau tena."

Wazee wakamgeukia Nambua wakamwambia achague yeye, mtoto ni wake. Nambua akawatazama wale watatu. Watu wakangoja tusi, lakini halikuja, na Nakiete akapapasa pindo la kanga yake.

"Acha hiyo sukari, niko mzima," Nambua akamwambia. Kisha akasema kwa wote, "Jioni ya leo nitakwenda chunguni. Nitamkuta Mzee amelowesha mchanga. Nitamkuta Namcharo, nitamshikia mkono achome panapotakiwa. Nitamkuta huyu. Siku nikiwa sina mmoja wao, mtoto huyu hana mama. Nikimchagua mmoja nitawaambia nini wawili, tena nikiwa nimekaa nao mkeka mmoja? Mama, ulitoa ahadi wewe. Nisamehe, mimi siwezi."

Bibi Naetwe akabaki na mtoto na ahadi yake. Mzee Senkondo ameegemea magongo. Namcharo ameinua uso kuelekea sauti ya mtoto. Nakiete ameinamisha wake.

Na desturi ya Ikongwe ilikuwa hivi: jina halitangazwi kwa watu kabla mwenyewe hajaambiwa. Bibi Naetwe akainamisha kichwa chake cheupe, akaweka mdomo kwenye sikio la mjukuu, akanong'ona. Mtoto akatulia, akafumbua macho.

Mtoto amekwisha kulijua jina lake. Bibi bado hajainua kichwa, na wale watatu wamesimama wanasubiri.

Haya, semeni upesi kabla hajatutazama: je, nani alistahili?