Tumbo la Kabagwira

Anayetia mkono chunguni wakati viazi vinachemka huungua vidole. Wenzake wakianza kula, yeye anapuliza mkono. Ndiyo maana wahenga wakasema mwenye pupa hadiriki kula tamu. Kabagwira wa mtaa wa Gatsata aliijua methali hiyo tangu utotoni, lakini kujua ni kitu kimoja na kufuata ni kitu kingine.

Mwaka 1992 Kabagwira alikuwa mjane na fundi cherehani. Homa ya ini ya miaka mingi ilikuwa imeliharibu ini lake, na maji yakamjaa tumboni hadi tumbo likavimba kama ngoma. Majirani hawakukosa la kusema. "Mjane ana mimba ya nani?" waliulizana kisimani. Wengine walinong'ona kwamba amerogwa.

Joselyne, muuguzi wa zahanati, alimpa vidonge vya kutoa maji kwa njia ya mkojo. "Kimoja asubuhi, mama, usiongeze," alimwonya. "Chumvi punguza, na pombe usiguse. Ukitapika, ukiharisha au ukisikia kizunguzungu, usimeze tena, njoo mbio. Na uje tukupime uzito, tujue maji yanatoka kwa kasi gani."

Tumbo lilipungua kwa mwendo wa kinyonga. Wakati huohuo binti yake, Illuminée, alipata mchumba, na wakwe wakatuma habari kwamba wanakuja kubisha hodi, ziara ya kwanza iitwayo kwao gufata irembo.

"Wifi, utawapokea na ngoma hiyo?" Gaudiose, dada wa marehemu mumewe, alimwuliza. "Kidonge kimoja ni cha mtoto mchanga. Meza vitatu, uvae mshanana wako wa sherehe kama watu."

Aibu ikamshinda Kabagwira. Akameza vitatu leo, na kesho tena. Alishinda njia ya chooni, lakini alifurahi kuona tumbo likinywea. Kisha misuli ya miguu ikaanza kumkaza na ulimi ukamkauka kama jani la mgomba. Akiwa anashona blauzi ya Illuminée, akaunganisha mkono wa nguo mahali pa shingo.

"Mama! Kichwa changu kitapita wapi?" Illuminée alicheka.

Mama hakucheka. Alimtazama kama mgeni, akauliza, "Wewe ni binti wa nani?"

Illuminée alitoka mbio. Akaita majirani walewale wa kisimani, wakambeba mama yake hadi hospitali. Huko dawa ilisimamishwa, akatundikiwa chupa ya maji. Joselyne alipokuja kumwona hakumficha: "Mama, maji uliyoyafukuza yalibeba na chumvi za damu yako. Figo zikakosa nguvu, na ini likishindwa kazi, sumu hupanda kichwani. Ungechelewa, tungekuzika."

Wakwe walikuja, wakabisha hodi, wakakaribishwa. Aliyeketi kwenye kiti cha mama alikuwa Gaudiose. Kabagwira alilisikia hilo akiwa kitandani, akageukia ukutani, akalia.

Aliporudi nyumbani alianzishiwa dawa upya, kidogo kidogo. Siku ya posa ilipofika, tumbo lilikuwa limepungua, lakini bado lilionekana. Gaudiose akaja na ushauri mwingine.

"Basi leo kaa chumba cha ndani, wifi. Nitawaambia una homa."

"Sikai ndani."

"Watakucheka!"

"Na wacheke! Tumbo hili ndilo lililomzaa huyo wanayemtaka. Wakilionea aibu, waende kutafuta mke kwa wasio na matumbo."

Alijifunga mshanana wake, akatoka, akaketi mbele. Mtungi wa pombe ya mtama ukaletwa. Kwa desturi mwenye nyumba huonja kwanza, wageni wajue hakuna sumu. Kabagwira akausukuma mrija pembeni.

"Mama mkwe haonji?" Bayingana, mjomba wa mchumba, aliuliza kwa mzaha uliokuwa na mwiba. "Mmetuwekea nini humu?"

Gaudiose akamfinya wifi yake. "Onja kidogo tu! Unatuharibia harusi!"

Kabagwira alisimama, kila mtu akaliona tumbo. "Pombe ni safi. Kibovu ni ini langu. Nikionja nife hapa, si ndipo watu watasema mmeniroga nyinyi?" Kisha akamkabidhi Gaudiose mrija. "Wifi, wewe unayependa nimeze haraka, leo meza wewe."

Bayingana aliangua kicheko mpaka kofia ikamdondoka. Gaudiose akainama, akavuta mafundo marefu, na wageni wakapiga makofi. Posa ikapokelewa.

Chakula kilipoletwa, Illuminée alimwekea mama yake sahani ya ndizi alizompikia kando. "Mama, hazina chumvi," alisema kwa huruma.

Kabagwira alitafuna polepole, akiwatazama wakwe waliomzunguka na binti yake aliyekuwa anang'aa.

"Tamu," akasema, akaomba aongezewe.

Hapo ndipo alipojua kwamba ziara ya kwanza hakunyimwa na ugonjwa wala na watu, ila na mkono wake mwenyewe: mwenye pupa hadiriki kula tamu.